Malezi ya Nyumbani: Rangi za Unga na Mkono Mwepesi

Twaanza mazungumzo yetu ya mwezi huu kwa suala tuliloletewa na mama mmoja wa hapa kwetu Buguruni. Amesema kwamba mwanawe, mvulana wa miaka 11, aliletewa na mjomba wake kutoka Muscat sanduku dogo la rangi za pasteli. Hazikupita siku nyingi ila mikeka ilikwisha kuchafuka, ukuta wa ukumbini umejaa alama za vidole, na kila karatasi aliyoichora imegeuka rangi moja tu, rangi ya tope. Baba mtu amekasirika na ataka kulitupa sanduku jaani. Mtoto naye amenuna, chakula hakimpiti. Mama atuuliza: je, kitu hiki kina faida yoyote, au ni upuuzi wa kumpotezea mtoto wakati wake wa kusoma?

Jawabu letu ni kwamba sanduku halina kosa, na mtoto hana kosa kubwa. Kilichokosekana ni mafunzo. Mtoto amepewa chombo, wala hakupewa njia ya kukitumia. Na kila chombo kisicho na njia hugeuka kuwa uharibifu, hata kiwe jembe au sindano. Nasi tulio walimu wa chuo twalijua jambo hili vizuri. Mtoto akishikishwa kalamu ya mwanzi siku ya kwanza, alifu yake hupinda na wino humwagika hata juu ya kanzu. Lakini hatumfukuzi chuoni kwa sababu hiyo. Twamshika mkono, twamwonyesha namna ya kukaa, namna ya kuchovya, namna ya kuinua kalamu. Basi rangi za pasteli nazo zina adabu yake, na hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa, ili baba na mama wapate kumwongoza mtoto kabla ya kumhukumu.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Pasteli ni unga wa rangi uliochanganywa na unga mweupe wa chaki au udongo laini, ukashikanishwa kwa gundi kidogo sana, kisha ukafanywa vijiti na kukaushwa. Kwa kuwa gundi ni kidogo, rangi huonekana kwa ung'avu wake wote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huachilia unga upesi, ikachafua kila iliyogusana nacho. Zipo pia pasteli za mafuta, ambazo unga wake hushikwa na mafuta na nta. Hizo hazitoi vumbi, wala hazikauki kabisa. Na zipo kalamu za nta wanazotumia watoto wadogo shuleni. Mzazi akitaka kujua ameletewa ipi, na apitishe kijiti juu ya karatasi, kisha aguse kwa kidole. Kidole kikitoka na vumbi, hiyo ni pasteli ya unga. Kikitoka na utelezi, hiyo ni ya mafuta.

Asidhani mtu kwamba hiki ni kichezeo cha watoto tu. Mafundi wakubwa wamekifanyia kazi maisha yao yote. Katika karne ya 18 alikuwapo fundi mmoja, jina lake Jean-Étienne Liotard, mzaliwa wa Geneva mwaka 1702, aliyekaa Istanbul tangu 1738 hata 1742. Huko alifuga ndevu na kuvaa mavazi ya Kituruki, na aliporudi Ulaya aliendelea kuyavaa, hata watu wakamwita mchoraji wa Kituruki. Kazi zake za pasteli zatunzwa hata leo, na rangi zake zingali hai. Na Mfaransa Jean-Siméon Chardin, aliyekuwa fundi mashuhuri wa rangi za mafuta, macho yake yalipodhoofika katika uzee, aligeukia pasteli katika miaka ya 1770, akatoa kazi ambazo watu huzisifu mpaka sasa. Basi chombo hiki kimewafaa wazee wenye macho dhaifu. Kitamfaaje mtoto mwenye macho mazima asipopata wa kumwongoza?

Wala rangi na mapambo si mambo ya ugenini kwetu. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Makaburi ya kale ya Kunduchi, ambayo si mbali na mji wetu wa Dar es Salaam, yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika nguzo zake. Mama zetu hutia ukindu rangi kabla ya kusuka mkeka, na huhesabu matundu ya kofia ya viua kwa subira ambayo wanaume wachache wanayo. Aliyelelewa baina ya vitu hivi amekwisha kulelewa katika elimu ya rangi, ila hajaiita kwa jina hilo.

Sasa tuingie katika kazi. Jambo la kwanza ni karatasi. Karatasi nyororo ya daftari haifai kwa pasteli ya unga, kwani unga hauna pa kushika. Huteleza na kuanguka. Yatakiwa karatasi yenye mkwaruzo kidogo. Manila iuzwayo katika maduka ya vifaa vya shule yafaa kwa mwanafunzi, hasa ile isiyong'aa. Karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji nayo yafaa sana, lakini ni zile za ndani zisizoguswa na saruji, zikafutwa vizuri kwa kitambaa kikavu na mtu mzima. Hata msasa laini wa maseremala, ule wa nambari 400, hushika rangi kwa ajabu. Na mafundi wa pasteli ulimwenguni hununua karatasi zilizotengenezwa kwa mfano huo. Mzazi asione haya kuanzia kwa vitu vya bei ndogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mbao za dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na jina lake limefika mbali kuliko majina ya wengi waliokuwa na vifaa vya thamani.

Tena karatasi ya kaki ina faida ya pili. Rangi yake si nyeupe wala si nyeusi, i katikati. Mtoto akiweka rangi nyeupe juu yake, nuru huonekana mara moja. Akiweka rangi nzito, kivuli huonekana. Juu ya karatasi nyeupe, rangi nyeupe hupotea, na mtoto hulazimika kuijaza karatasi yote ndipo aone kitu.

Jambo la pili ni mkono, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Mkwaruzo wa karatasi ni kama vishimo vidogo vidogo vinavyopokea unga. Vikijaa, havipokei tena. Mtoto anayekandamiza kijiti tangu mwanzo huvijaza vishimo vyote kwa rangi ya kwanza, na kila rangi aongezayo huteleza juu yake au huchanganyika nayo ikawa tope. Ndiyo sababu picha za yule mvulana ziligeuka rangi moja. Basi na aanze kwa mkono mwepesi, mwepesi hata karatasi ionekane chini ya rangi. Aongeze tabaka la pili kwa wepesi vile vile. Na nguvu aiweke akiba mpaka mwisho, pale panapohitaji nuru au weusi wa dhati. Mkono mzito waweza kuja baadaye. Ukija mwanzo, hauna dawa.

Jambo la tatu ni mpango wa rangi. Katika rangi za maji mtu huanza kwa rangi nyepesi na kumalizia kwa nzito. Katika pasteli ya unga ni kinyume chake: rangi nzito hutangulia, za kati hufuata, na nyepesi humalizia. Mchoro wa kwanza ufanywe kwa kijiti cha mkaa au kwa pasteli ngumu, wala si kwa penseli ya kawaida, kwani penseli huacha utelezi ambao unga haushiki juu yake. Kijiti kirefu kivunjwe vipande, na karatasi iliyokizunguka ibanduliwe, kwa sababu ubavu wa kijiti hupaka mahali papana kwa mara moja, na ncha yake hutumika kwa mistari myembamba tu. Twajua mtoto huona uchungu kuvunja kijiti kipya; na aambiwe kwamba kijiti kizima hufanya nusu ya kazi.

Jambo la nne ni kuchanganya. Hapana sahani ya kuchanganyia. Rangi hukutana juu ya karatasi yenyewe. Weka mistari ya manjano, kisha pitisha mistari ya buluu baina yake, na jicho la mtazamaji litaona kijani chenye uhai. Kusugua kwa kidole kunaruhusiwa, lakini kwa uchache, mfano mahali pa mbingu au pa ukuta ulio mbali. Anayesugua kila mahali huua rangi zake mwenyewe. Wala kivuli kisifanywe kwa rangi nyeusi peke yake. Mwambie mtoto atazame kivuli cha mwembe saa sita mchana. Atakiona kina buluu, na kijani, na hata zambarau. Afumbe macho nusu anapotazama, na hapo mambo madogo hupotea, yakabaki mafungu makubwa ya nuru na kivuli, ambayo ndiyo ya kuchorwa kwanza.

Ili maneno haya yasibaki maneno, twatoa zoezi moja la nyumbani. Chukua embe dodo moja kutoka sokoni, liweke juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, nuru itoke upande mmoja. Chora duara lake kwa mkaa, kwa wepesi, kubwa kiasi cha kiganja. Pata kijani kizito au kahawia, upake kwa ubavu wa kijiti upande usio na nuru. Kisha kijani cha kati katikati ya tunda, na manjano upande wa nuru, rangi hizi zikipandiana kidogo kwenye mipaka yake. Gusa rangi ya machungwa pale ambapo embe limeiva zaidi. Kivuli kinacholala juu ya kitambaa kipakwe buluu na kahawia, kizito karibu na tunda na chepesi kadiri kinavyokwenda mbali. Mwisho kabisa, na hapa mkono wapewa ruhusa ya kukandamiza, weka doa moja dogo la rangi nyeupe pale nuru inapong'aa zaidi. Kisha acha. Kujua pa kuachia ni nusu ya ufundi, kwani picha nyingi nzuri huharibiwa na mkono usiotaka kutulia. Nusu saa yatosha kwa zoezi hili, na mtoto akilirudia mara nne kwa majuma manne, mzazi ataona tofauti kwa macho yake.

Ama suala la kuchora viumbe wenye roho, wanazuoni wamelizungumza kwa urefu, na mwenye kutaka kulijua na amwulize shekhe wake. Sisi twasema tu kwamba uwanja wa vitu vingine ni mpana mno, mtoto hawezi kuumaliza. Kuna matunda na majani, kuna milango ya kuchongwa ya Unguja, kuna mihirabu, kuna mawingu ya masika. Kuna pia mapambo ya hesabu: mpe bikari na rula, achore duara, aligawe mafungu manane yaliyo sawa, aunganishe alama kwa mraba mmoja juu ya mwingine, apate nyota ya pembe nane, kisha aijaze rangi. Katika zoezi hilo amejifunza hesabu bila ya kujua kwamba yumo katika somo la hesabu. Hili na liwe jawabu kwa baba anayehofia masomo.

Sasa tuseme juu ya madhara, kwani mama aliyetuuliza anayo haki ya kulinda nyumba yake. Vumbi la pasteli si la kuchezea. Baadhi ya rangi za mafundi zina madini yenye sumu, kama kadimiamu; kwa hiyo maandishi ya sanduku yasomwe, na mtoto apewe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto. Asipulize vumbi kwa kinywa kamwe. Akitaka kuliondoa, na auinamishe ubao na kuugonga taratibu nje ya nyumba, au juu ya gazeti lililolowanishwa. Ubao uegemezwe wima, hata uiname mbele kidogo, ili unga uanguke chini usitande juu ya picha. Meza ipanguswe kwa kitambaa kibichi, wala isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Asile wala asinywe anapofanya kazi. Mtoto mwenye pumu asipewe pasteli za unga kabisa. Apewe za mafuta au kalamu za nta, naye hatakosa furaha, kwani zina michezo yake. Apake rangi nyingi za kung'aa, azifunike zote kwa nyeusi, kisha akwaruze kwa kijiti cha meno. Rangi za chini zitachomoza kama taa za mji wakati wa usiku.

Lakini hizo za mafuta na nta zina jambo moja la kuangaliwa katika nyumba ya Mwislamu. Huacha utando juu ya ngozi na chini ya kucha, na utando huzuia maji ya udhu. Basi mtoto afundishwe kuosha mikono kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla ya kutawadha, atazame na kucha zake. Pasteli ya unga huondoka kwa maji upesi, lakini nayo ioshwe.

Wako wazazi wanaoulizia namna ya kutengeneza rangi hizi nyumbani. Pasteli ya kweli ni kazi ya fundi. Lakini chaki ya rangi yawezekana. Chukua vijiko vinne vya unga wa jipsamu ugandao, ule wanaoutumia mafundi wa dari, na kijiko kimoja cha ngeu ya maseremala kwa rangi nyekundu, au cha nili ya kufulia kwa buluu. Tia vijiko viwili vya maji, koroga upesi kwa kijiti, mimina ndani ya karatasi ngumu iliyoviringwa kama kidole, kisha uache siku mbili pakavu. Mtu mzima ndiye atakayechanganya, akiwa amejifunika pua kwa kitambaa. Asitie mkono ndani ya jipsamu inayoganda, kwani hutoa joto la kuunguza. Wala masalio yasimwagwe katika bomba la maji machafu, yataganda humo. Chokaa isitumike kamwe mahali pa jipsamu, kwa kuwa hula ngozi na macho. Na manjano ya jikoni, ijapokuwa rangi yake yapendeza, huchujuka juani.

Picha iliyokwisha nayo yataka kutunzwa. Iko dawa ya kupuliza ya kushikiza unga; yafaa, lakini huzipunguzia rangi nyepesi nuru yake, basi ipulizwe kidogo, kwa umbali, na nje ya nyumba. Isiyopulizwa ilazwe bapa, ifunikwe kwa karatasi laini ya kuokea mikate, wala isikunjwe wala isiviringwe. Ikitiwa katika fremu, kioo kisigusane na rangi. Fundi aweke kipande chembamba cha mbao pembeni ili pawe na nafasi. Hapa kwetu pwani, unyevu wa masika huotesha ukungu juu ya karatasi. Basi picha isitundikwe ukutani panapovuja au panapopigwa na jua. Vijiti vyenyewe vikichafuliana rangi, vitikiswe ndani ya kopo lenye punje za mchele ulioharibiwa na fukusi; vitatoka safi, na mchele usiofaa kuliwa utakuwa umepata kazi.

Kwa hiyo twamshauri baba wa mtoto yule, na kila baba aliye katika hali yake, asilitupe sanduku. Na alitie katika mpango. Mtoto apewe mahali pamoja pa kufanyia kazi, penye hewa, mbali na mikeka. Apewe siku zake na saa zake, baada ya kudurusu na baada ya kazi za nyumbani. Apewe kitambaa chake cha kupangusia, na ukuta aliouchafua ausafishe yeye mwenyewe. Akiharibu karatasi, asichekwe. Akifanya vizuri, asisifiwe mpaka akalewa sifa, bali aambiwe ni wapi pamependeza na kwa sababu gani. Baba akikaa naye robo saa akatazama anavyoweka rangi, atamjua mwanawe kuliko alivyomjua kwa miezi mingi: ataona kama ana papara au ana subira, kama huvunjika moyo upesi au hujaribu tena. Hayo si mambo ya rangi peke yake. Mkono uliozoea kuanza kwa wepesi, kuongeza kwa kadiri, na kutulia panapostahili, utamfaa katika hati yake ya Qurani, katika useremala akiuchagua, na katika kusema na watu.

Mwezi ujao, Inshallah, tutajibu masuala tuliyoletewa juu ya watoto wanaogoma kwenda chuoni asubuhi. Wenye masuala mengine na watuandikie, nasi tutayajibu kwa kadiri ya elimu yetu. Wassalaam.